Gharama ya tumbo isiyoandikwa daftarini mwa mfanyabiashara wa mpakani

Daftari la mfanyabiashara wa mpakani lina karibu kila kitu. Nauli ya kwenda na kurudi imo, ujira wa mpagazi umo, ushuru wa soko umo, na kiwango cha kubadilishia fedha cha siku hiyo kimeandikwa pembeni. Kisichomo, mara nyingi, ni chakula. Chai na chapati mbili za stendi, chipsi za mchana, soda mbili za kusubiria foleni, karanga za kutulizia njaa kwenye basi: vyote hulipiwa kutoka mfuko uleule wenye mtaji. Jioni hesabu inapogoma kukaa sawa, lawama huangukia bei ya mzigo au kijana wa kubadilisha fedha.

Chukua mfano wa mama anayevuka Mutukula mara 3 kwa wiki kufuata bidhaa za nyumbani. Ikiwa kila safari humgharimu Sh5,000 za Tanzania kwa vyakula na vinywaji vya njiani, wiki imekula Sh15,000 na wiki 4 zimekula Sh60,000. Akifanya kazi wiki 50 kwa mwaka, ni Sh750,000. Hakuna ofisa wa forodha aliyezichukua, wala hakuna mwizi wa stendi. Zimeondoka kidogo kidogo kupitia dirisha la basi, mkono mmoja ukitoa noti na mwingine ukipokea mfuko wa karatasi wenye mafuta.

Hiyo si hoja ya kumtaka mtu ashinde njaa. Kazi ya mpakani ni ya kusimama, kubeba, kubishana na kukumbuka, na hakuna anayeifanya vizuri tumbo likiwa tupu. Swali ni kipi kitoke nyumbani, kipi kinunuliwe njiani, na ni lini wenzake wa biashara wakae pamoja hotelini wakala kwa raha bila kuharibu mtaji wala afya. (Hoteli, katika sehemu kubwa ya ukanda huu, ni mahali pa kula, kitanda kiwepo au kisiwepo.)

Foleni, soda na kiu ya makusudi

Vituo vya pamoja vya forodha vimepunguza adha. Rusumo, kati ya Tanzania na Rwanda, kilizinduliwa 2016. Mutukula, kati ya Tanzania na Uganda, 2017. Busia na Namanga vilifuata 2018. Utaratibu ni kwamba msafiri husimama mara moja tu, upande wa nchi anayoingia, badala ya kugonga mihuri pande zote mbili kwa foleni mbili. Hata hivyo, mwenye mzigo mdogo bado husubiri: mtandao ukikatika, lori la mbele likiwa na utata, au basi likiwa limechelewa kutoka lilikotoka. Ni katika kusubiri huko ndiko soda inapoonekana kuwa dawa ya kila kitu, yaani njaa, joto, uchovu na uchoshi.

Chupa ya soda ya mililita 300 huwa na sukari ya karibu gramu 30, ambayo ni zaidi ya vijiko 7 vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu anayopata mtu kwa siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu mzima wa kawaida, na linasema itakuwa vizuri zaidi ikishuka hadi nusu ya hapo. Soda 2 za foleni zimeshapita kiwango kabla ya sukari ya chai ya asubuhi kuhesabiwa. Chumvi nayo inashauriwa isizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai, na chipsi zilizonyunyiziwa mara mbili, mara ya kwanza na mpishi na ya pili na mlaji mwenyewe, huchukua sehemu kubwa ya kijiko hicho.

Shinikizo la damu na kisukari si maradhi ya matajiri tena, na wafanyabiashara wenyewe wanalijua hilo, kwani si ajabu kukuta vidonge kwenye mkoba uleule wenye vitambulisho na risiti. Kwa wenye kisukari kuna tahadhari ambayo haisemwi vya kutosha. Anayetumia insulini, au vidonge fulani vya kushusha sukari, hapaswi kukaa na njaa kwenye foleni kwa matumaini kwamba atakula akishavuka. Sukari yake inaweza kushuka ghafla, akaanza kutetemeka, kutokwa jasho na kuchanganyikiwa, na watu wakadhani amelewa. Hapo ndipo soda au maji ya sukari huwa msaada wa haraka kweli. Wasafiri wenzake wakijua hali yake kabla ya safari, watajua la kufanya.

Kisha kuna kiu ya makusudi. Wanawake wengi wa mpakani hawanywi maji tangu alfajiri ili wasihitaji choo, kwa sababu basi halisimami ovyo na vyoo vya baadhi ya stendi havifai kutajwa wakati wa kula. Matokeo ni kichwa kuuma mchana, choo kigumu, na kwa baadhi maambukizi ya njia ya mkojo yanayorudi kila mara. Hakuna kitafunwa kinachofidia maji. Chupa ya maji yaliyochemshwa nyumbani, yanayonywewa kidogo kidogo badala ya kugugumiwa mara moja, haigharimu chochote zaidi ya kuni au gesi. Vituo vya pamoja vina vyoo, na ni busara kupanga unywaji kwa kuvilenga: kunywa saa moja kabla ya kufika mpakani, kutumia choo pale, kisha kuendelea.

Kinachodumu safarini

Anayefunga chakula cha safari lazima kwanza akubaliane na joto. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani kuhusu usalama wa chakula ni kwamba kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 katika hali ya kawaida ya hewa. Wali wa nazi na maharage, mtamu kuliko yote jikoni saa 10 alfajiri, unaweza kuwa sumu ifikapo saa 5 asubuhi ndani ya mkoba uliobanwa kati ya injini na gunia. Kwa hiyo vya majimaji huliwa mwanzo wa safari au huachwa nyumbani, na vya safari ndefu huwa vikavu.

Viazi vitamu vya kuchemsha ndivyo mfalme wa asubuhi. Vikichemshwa na maganda alfajiri na kufungwa kwenye kitambaa safi, vinashikika kwa mkono bila kuchafua, na huliwa kabla ya jua kupanda. Vile vya njano vina vitamini A kwa wingi, na historia yake inahusu ukanda huu moja kwa moja: mwaka 2016 Tuzo ya Chakula Duniani ilitolewa kwa wanasayansi 4, akiwamo Mganda Robert Mwanga, na 3 kati yao, Mwanga mmojawapo, walitambuliwa kwa kazi ya kuendeleza viazi hivyo Afrika. Sokoni vinakaa kwenye fungu moja na vile vyeupe na bei yake mara nyingi haina tofauti kubwa, ila mnunuzi akumbuke kuomba kimoja kikatwe aone ndani.

Mihogo ya kuchemsha nayo hushibisha, lakini aina chungu haichezewi. Ina sumu inayopungua kwa kulowekwa, kukaushwa na kupikwa vizuri, na mwenye haraka ya basi hapaswi kufupisha kazi hiyo. Mahindi ya kuchemsha hubebwa yakiwa bado na maganda yake ya mwisho, ambayo hugeuka sahani. Mayai ya kuchemsha yasimenywe mpaka dakika ya kuliwa, kwani ganda ndilo kifungashio bora kuliko chochote kinachouzwa dukani. Ndizi mbivu haihitaji maelezo, ila kuwekwa juu ya mkoba na si chini.

Vya kudumu siku nzima na zaidi ni vingine: bisi zilizopasuliwa nyumbani kwa kijiko kimoja cha mafuta, mbegu za maboga zilizokaangwa kavu, ufuta, ndizi zilizokaushwa, korosho kwa anayeweza kumudu bei yake. Wakongo wana kwanga, muhogo uliochachushwa, ukapondwa, ukafungwa kwenye majani na kupikwa. Hukaa siku kadhaa bila jokofu, na wasafiri wa mtoni wameutegemea tangu zamani kabla ya chombo cha plastiki kujulikana.

Kashata za karanga au ufuta zinastahili neno lao. Kashata ya dukani mara nyingi ni sukari iliyoshikiliwa na karanga chache. Ya nyumbani inaweza kugeuzwa: vikombe 3 vya karanga zilizokaangwa na kumenywa, robo tatu ya kikombe cha sukari, maji kidogo, hiliki iliyotwangwa, na chumvi kiasi cha kubana kwa vidole viwili. Sukari huyeyushwa kwa moto mdogo mpaka iwe rangi ya asali, karanga humiminwa, hukorogwa upesi, humwagwa kwenye sinia lililopakwa mafuta na kukatwa kabla hazijapoa kabisa. Sukari bado imo, asidanganyike mtu, lakini vipande 2 vidogo vinatosha kumfikisha Masaka, jambo ambalo pakiti ya biskuti haliwezi.

Dagaa ni kitafunwa ambacho wengi wamekizoea kama kitoweo tu. Samaki wale wale wa Ziwa Victoria huitwa dagaa Mwanza, omena Kisumu na mukene Uganda. Ziwa Tanganyika lina ndagala wa Warundi, na Kivu lina sambaza. Kwa kuwa huliwa mzima, mifupa na yote, humpa mlaji madini ya chokaa pamoja na protini. Wa safari huchambuliwa, huoshwa mchanga mara kadhaa, hukaushwa tena juani, kisha hukaangwa kavu na ndimu na pilipili manga mpaka wawe wanavunjika. Waliokaushwa kwenye chanja wana mchanga kidogo kuliko waliotandazwa chini ufukweni, na tofauti hiyo meno huitambua kabla ya macho. Jirani wa kiti cha basi anaweza kulalamikia harufu. Akipewa wawili, aghalabu hunyamaza.

Kifungashio nacho kina sheria zake, na hapa mfanyabiashara anayevuka mipaka anatakiwa kuwa makini zaidi kuliko mtu wa nyumbani. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008 na kukaza zaidi mwaka 2019. Kenya ilifuata Agosti 2017, kwa adhabu inayoweza kufikia faini ya Sh4 milioni za huko au kifungo cha hadi miaka 4. Tanzania ilianza kutekeleza yake Juni 1, 2019. Anayetoka na maandazi yake kwenye mfuko wa rambo anaweza kuyala yote salama na bado akajikuta anajieleza mbele ya ofisa kuhusu mfuko. Bakuli lenye mfuniko, kitambaa, kikapu au kiondo hakina nchi kinapokatazwa. Matunda mabichi, mbegu na nyama ni habari nyingine, kwa kuwa wakaguzi wa mimea na mifugo wanaweza kuviulizia hata vikiwa vichache, hivyo ni afadhali kuviacha au kuvimaliza kabla ya kufika kizuizini.

Karanga zina masharti yake

Karanga ndicho kitafunwa cha mpakani kuliko vyote. Wakenya huziita njugu, Waganda ebinyeebwa, Wanyarwanda ubunyobwa, na kote zinauzwa kwa kipimo cha kikombe au kwenye karatasi iliyosokotwa. Zina protini, zina mafuta mazuri, zinakaa. Lakini karanga, pamoja na mahindi, ndizo zenye hatari ambayo wafanyabiashara wa ukanda huu wameijua kwa upande wa hasara ya fedha kabla ya kuijua kwa upande wa mwili. Hatari hiyo ni sumukuvu.

Machi 2021, mamlaka za Kenya zilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Malori yakakwama mpakani. Siku chache baadaye zuio liliondolewa kwa masharti: waagizaji wasajiliwe, na shehena iwe na cheti kinachoonyesha kwamba kiwango cha sumu hakizidi sehemu 10 kwa bilioni, ambacho ndicho kikomo cha viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wengi waliolala kwenye malori siku zile walilichukulia jambo hilo kama siasa za biashara, na huenda ilikuwemo pia. Lakini sumu yenyewe si siasa. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 317 waliugua na 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara, nchini Tanzania, watu 68 waliugua na 20 walikufa. Hao ni waliokula nyingi kwa muda mfupi. Anayekula kidogo kidogo kwa miaka hujiongezea uwezekano wa kupata saratani ya ini, bila tumbo kuuma hata siku moja.

Sumukuvu hutengenezwa na ukungu unaoota kwenye nafaka na mbegu zilizovunwa, kukaushwa au kuhifadhiwa vibaya. Haionekani kwa macho, na kuzikaanga karanga hupunguza kiasi tu, hakuimalizi. Kinachosaidia sana ni kuchambua: karanga iliyosinyaa, yenye rangi ya kijani au nyeusi, iliyotobolewa na wadudu au iliyopasuka hutupwa kabla ya kukaanga, na ile inayowasha ulimi kwa uchungu hutemwa, haimezwi kwa aibu mbele ya watu. Asizipe kuku pia, kwani kuku naye ana ini. Zinunuliwe zikiwa na maganda zikipatikana, zikaushwe mpaka zisikike zikitikiswa, na zihifadhiwe mahali pakavu juu ya chanja badala ya sakafuni.

Kwa mwenye kuuza, kuchambua za mdomoni ni mazoezi ya kuchambua za gunia. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya humruhusu mwenye bidhaa za ukanda huu zilizo kwenye orodha, zenye thamani isiyozidi dola 2,000, kuvuka bila ushuru wa forodha akiwa na cheti kilichorahisishwa cha uasili. Wapo wanaodhani cheti hicho kinafuta na ukaguzi wa afya. Hakifuti. Gunia lenye ukungu litarudishwa hata kama karatasi zake ni safi.

Msimu wa senene

Hakuna mahali ambapo kitafunwa cha nyumbani kinapuuza mpaka kama kati ya Bukoba na Masaka ifikapo Novemba. Mvua zikinyesha, senene huruka usiku kwa maelfu kuelekea taa, na asubuhi pande zote mbili watu wameketi vibarazani wakinyofoa mbawa na miguu. Hukaangwa bila mafuta, kwa sababu wana yao ya kutosha, pamoja na vitunguu na chumvi. Waliokaushwa vizuri husafiri mbali, na mfanyabiashara wa Kagera aliye na ndugu Dar es Salaam, Nairobi au Kampala anajua kwamba kifuko kidogo cha senene hufungua milango kuliko barua.

Mwenye kuwakaribisha wenzake auliza kwanza. Miongoni mwa koo za Buganda upo ukoo wa Nsenene, na watu wake hawamli mdudu huyo kwa kuwa ndiye mwiko wao. Wapo pia ambao kamba wa baharini huwawasha. Senene anaweza kuwafanya vivyo hivyo. Kukataa kwao si dharau kwa mwenyeji.

Kubadilishana vitafunwa ndiko kunakofanya urafiki wa mpakani uanze. Anayetoka Tanzania anafungua bakuli la kashata, wa Uganda anatoa ufuta uliofinyangwa kwa asali, wa Kenya ana nduma za kuchemsha. Wiki inayofuata kila mmoja ameongeza kidogo kwa ajili ya wenzake, na baada ya muda kuna mpangilio usioandikwa: huyu wa maji, huyu wa viazi, huyu wa mayai. Gharama ya kila mmoja hushuka, na aliyekosa kitu wiki hiyo hali mkono mtupu wala haombi.

Siku ya hotelini

Pamoja na hayo yote, mtu hawezi kuishi kwa viazi vya mkobani. Kuna siku mzigo umeuzwa wote, upatu umefika zamu ya mmoja wao, au mwenzao amejifungua salama, na hapo bakuli hufungwa, watu hukaa mezani na kuhudumiwa na mtu mwingine. Kwa mwanamke ambaye amewapikia wengine tangu akiwa na miaka 8, kuletewa sahani yenye mvuke na kuondolewa vyombo bila kunyanyuka ni mapumziko makubwa kuliko nyama yenyewe. Wanaume wanaoita hilo matumizi mabaya aghalabu ni wale wale wanaokaa baa Jumamosi mpaka mechi iishe.

Kila mpaka una sahani yake. Namanga ni nyama choma: mteja huchagua kipande, hupimwa kikiwa kibichi, na kilo moja ya kwenye mizani hurudi mezani ikiwa imepungua, kwa hiyo asishangae wala asigombane na mpishi. Busia ni samaki wa ziwa kwa ugali na mboga za majani. Kando ya Kivu, upande wa Gisenyi, ni sambaza wa kukaanga, mishikaki ya mbuzi na ndizi za kuchoma. Uganda kuna rolex ya barabarani, chapati iliyokunjwa na mayai, kabichi na nyanya, ambayo haina uhusiano wowote na saa ya mkononi na ambayo, ikipikwa mbele ya mlaji kwa mafuta kidogo, ni bora kuliko chipsi za tangu asubuhi. Mafuta yaliyogeuka meusi na kutoa moshi kabla ya kitu kuwekwa ni sababu ya kutosha ya kuinuka na kuondoka.

Raha hiyo huharibiwa na mambo machache, na karibu yote ni ya fedha. La kwanza ni desturi kwamba aliyepata faida kubwa siku hiyo alipie wote. Inaonekana kama ukarimu, lakini huwafanya watu wafiche mauzo yao, na urafiki wa watu wanaofichana mauzo haudumu. La pili ni yule aliyepata hasara kuagiza sawa na wenzake kwa kuogopa kuonekana, kisha akakopa nauli. Vikundi vilivyolitatua hili vimefanya jambo moja rahisi: kila mchango wa wiki una kijisehemu cha chakula kinachotengwa kando, na mwisho wa mwezi hicho ndicho kinacholiwa, hakizidi. Iwe wanaita chama kama Kenya, upatu au VICOBA kama Tanzania, ikimina kama Rwanda au likelemba kama Kongo, hesabu ni ileile. Siku ya hotelini inaandikwa daftarini kabla haijafika, na hakuna anayeionea haya.

La tatu ni sarafu. Meza ya watu wa nchi tatu hulipa kwa fedha tatu, na mhudumu mjanja hujua kiwango kinachomfaa. Bei iulizwe kabla ya kuagiza, kwa fedha gani, na kiwango gani. Hilo watu wanaofanya biashara ya mipakani wanalijua kuliko yeyote, lakini wakishakaa chini na kuanza kucheka hulisahau, kana kwamba mezani si sokoni.

Mengine ni ya heshima na ya mwili. Meza yenye Waislamu haipelekwi penye kitimoto, au akabenzi kama wasemavyo Wanyarwanda, kwa kisingizio kwamba kuna kuku pia, kwani jiko na kisu ni kimoja. Mwezi wa Ramadhani siku ya hotelini husogezwa mpaka baada ya magharibi, na futari inaweza kuwa tamu kuliko nyama choma yoyote. Wenye shinikizo la damu huomba chumvi iletwe pembeni. Kachumbari iagizwe nyingi, mradi imekatwa papo hapo na mikono imenawa, maana mboga mbichi iliyooshwa kwa maji machafu ndiyo njia fupi ya kipindupindu. Maji ya kunawa yawe yanatiririka, na sabuni iwepo. Beseni moja linalozungushwa kwa watu 8 ni mila nzuri iliyobeba maradhi.

Na wasifike wakiwa na njaa ya tangu jana. Anayeshinda bila kula ili aitendee haki nyama ya jioni huagiza kwa macho, hula kwa haraka, na usiku mzima kwenye basi hujigeuza kiti kisimtoshe. Nyama ya Namanga huchukua muda mrefu kuiva, na waliozoea hutumia muda huo kumaliza karanga na ndizi za asubuhi wakiwa nje kwenye benchi, kwa kuwa wenye hoteli hawapendi chakula cha kutoka nje kiingie mezani. Hapo ndipo habari za maana husemwa: nani analipa kwa wakati, mzigo gani umejaa upande wa pili, ofisa gani mpya amehamia, bei ya mchele itashuka lini. Nyama inapofika, mazungumzo ya biashara hukatika kwa muda.

Bili ikija, mwenye daftari huisoma kwa sauti, huigawa kwa shilingi za pande mbili, na kila mtu huona fungu lake limetoka wapi. Mapande yaliyobaki hufungwa kwenye karatasi na kupelekwa nje upesi, yakiwa bado ya moto, kwa kijana aliyekuwa analinda mizigo.